Niliwaambia maji yetu ni ya chumvi

Chuno,
Mtwara.
9 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: HITA YA KUOGEA ISIYOPASHA MAJI NA UDHAMINI MLIOUKATAA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Aprili nilinunua kwenye duka lenu la hapa Mtwara hita ya kuogea ya wati 5,500 kwa shilingi 115,000, na 30,000 za fundi wenu kuja kuifunga. Mama yangu ana baridi yabisi, na kusi likivuma hata sisi wa pwani tunaoga kwa kujikunyata. Kabla sijatoa hela nilimwambia kijana wa kaunta kuwa nyumbani tunatumia maji ya kisima, tena yana chumvi. Akanijibu, "Mama, hii ni ya maji yoyote."

Ilifanya kazi wiki tano. Siku moja mama akatoka bafuni anatetemeka.

Nilipopiga simu mkasema presha ya maji ndogo. Tenki letu liko juu mita 4, na ukifungua bomba unaisikia hita ikilia "ta!", yaani maji yameshasukuma mpira wa ndani na swichi imeshika. Nikapiga tena, mkasema umeme wa Mtwara mdogo. Jamani, hapa hapa tunakozalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay! Hata hivyo nikaita fundi wa mtaani, akapima mbele yangu. Volti 226 zinafika kwenye hita, lakini mita ya kubana waya, ile inayopima umeme unaopita, inasoma sifuri, wakati hita hiyo ikipasha inavuta zaidi ya ampea 20. Akaifungua. Koili, yaani waya wa kupasha maji, imekatika katikati, imevaa ganda jeupe gumu kama la chaza.

Kumbe ziko hita za koili wazi, za maji ya kawaida, na ziko za koili iliyofunikwa, za maji ya chumvi. Mimi mliniuzia ya koili wazi.

Hilo ningelimeza. Ila tangu mwanzo mama alikuwa akisema bomba linamng'ata vidole, nasi tukamwambia ni ganzi ya uzee. Fundi alipofunua ukutani, waya wa ethi, ule wa kijani na njano wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekunjwa na kuzungushiwa selotepu, haujaungwa popote. Koili wazi, maji ya chumvi yanayopitisha umeme vizuri, ethi hakuna, na bibi wa miaka 71 amesimama chini yake miguu peku. Fundi wenu alilipwa kwa kazi hiyo.

Tarehe 2 Juni nikaileta hita dukani, nikaonyeshwa nyuma ya kadi kwamba udhamini hauhusu maji ya chumvi. Maandishi madogo kama mayai ya chawa, na kadi yenyewe nilipewa baada ya kulipa.

Naomba ndani ya siku 14 mnipe hita ya maji ya chumvi, ifungwe na fundi mwingine atakayepima ethi nikiona, au mnirudishie shilingi 145,000 zote. La sivyo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Koili nimeihifadhi kwenye mfuko, njooni muione.

Na wateja wengine aliowafungia fundi yule, wapigieni simu leo, kabla hawajaingia kuoga.

Wenu,
Mteja wa Chuno