Jemu ya wakati wa vita haikuwa mapishi ya kupitishia muda

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu wanawake wa vijijini England wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia tuliisoma kwa raha, kwani si kila siku vita vinasimuliwa bila majenerali. Raha hiyo ilikatika tulipofika kwenye kisanduku cha mapishi chini ya picha. Pale mmeelekeza jemu ya plamu ipikwe kwa sukari nusu ya uzito wa matunda, kisha iwekwe kabatini mwaka mzima. Mmeelekeza pia maharage machanga ya maganda yatiwe kwenye chupa, yachemshwe ndani ya sufuria ya maji kwa saa moja na kufungwa. Jemu ya namna hiyo itachacha, na hasara yake ni sukari tu. Maharage ya namna hiyo yanaweza kuua. Wanawake mliowasifu hawakuelekezwa hivyo hata kidogo, na sababu zake zinafaa kujulikana na yeyote mwenye mti wa plamu au tuta la maharage nyuma ya nyumba.

Mwandishi wenu ameiita kazi ile ya kuhifadhi matunda mapishi ya kupitishia muda huku waume wakiwa vitani. Wanawake hao walikuwa wa Women's Institute, chama cha wanawake wa vijijini kilichozaliwa Kanada mwaka 1897 na kuingia Uingereza kupitia kijiji cha Llanfairpwll, Wales, mwaka 1915, wakati nchi iko tayari kwenye vita vya kwanza na chakula ndiyo hoja ya siku. Vita vya pili vilipofika, chama kilikuwa na matawi zaidi ya 5,000 England na Wales. Mwenyekiti wake, Lady Denman, ndiye aliyeongoza pia Women's Land Army, wanawake waliopelekwa kulima mashambani. Lakini ndani ya chama walikuwamo Waquaker na wengine waliokataa vita kwa imani, kwa hiyo chama hakikukubali kugeuzwa tawi la jeshi. Kulisha watu ni kazi inayoweza kufanywa hata na asiyetaka kushika bunduki. Ndiyo maana yakachaguliwa matunda.

Kilichokosekana kilikuwa sukari. Mgao ulianza tarehe 8 Januari 1940, wakia 12 za sukari (gramu 340 hivi) kwa mtu kwa wiki, baadaye zikashuka hadi 8. Sufuria moja ya jemu ya plamu ilitaka ratili 6 za sukari (ratili moja ni karibu nusu kilo), yaani wakia 96: mgao wa mtu mmoja kwa wiki nane, bila kutia hata kijiko kwenye chai. Huku plamu zikidondoka na kuoza chini ya miti, maana petroli nayo ilikuwa ya mgao na vibarua wengi wameitwa jeshini. Serikali ikakubali kutoa sukari kwa wingi, ila kwa vituo vya chama vya kuhifadhia matunda, si kwa mtu mmoja mmoja. Kituo kingeweza kuwa ukumbi wa kijiji, jiko la shule au banda la shamba, mradi pawe na maji na moto. Mwaka 1940 peke yake vituo vilihifadhi tani 1,631, na kati ya 1940 na 1945 jumla ilipita tani 5,300. Matunda mengi yalifika kwa baiskeli na vigari vya kusukumia watoto.

Kanuni iliyotawala kila kitu ni hii: sukari unayotia iwe asilimia 60 ya jemu iliyokamilika. Haipimwi kwa uzito wa matunda mabichi, na hapo ndipo kisanduku chenu kilipoteleza. Ratili 6 za sukari zinatakiwa kutoa ratili 10 za jemu. Kwa plamu ni ratili 6 za matunda, ratili 6 za sukari na painti moja na nusu ya maji. Kwa vipimo vyetu, kilo 3, kilo 3 na lita moja kasoro kidogo, upate kilo 5. Ukipata kilo 6 umeacha maji mengi, na hamira na ukungu vitapata pa kuishi. Ukipata 4 na nusu umechemsha mno, na baada ya wiki chache sukari itaganda chembechembe ndani ya chupa. Kanuni hiyohiyo ilifanya kazi ya mkaguzi: gunia la ratili 112 za sukari lilipaswa kurudi kama ratili 186 hivi za jemu. Chupa zikipungua, kila aliyekuwamo ukumbini aliweza kujua kuwa sukari imepita mlango wa nyuma.

Upikaji una hatua mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Kwanza matunda na maji peke yake, moto wa polepole, mpaka maganda yawe laini kabisa. Sukari hukaza ganda. Ikitiwa mapema, ganda la plamu halilainiki tena hata upike mpaka jioni. Hatua ya pili ni kutia sukari, kukoroga mpaka iyeyuke yote, ndipo moto uwe mkali. Hapo mambo yaende haraka, dakika 10 hadi 15. Sufuria ijae nusu tu, kwa kuwa jemu ikichemka hufura. Majiko ya mafuta ya taa ya vituo vingi yalikuwa dhaifu, na jemu iliyokaa motoni muda mrefu huwa nyeusi, hupoteza harufu ya tunda na pektini yake, yaani kile kinachoigandisha jemu, huvunjika, hivyo haishiki.

Kipimajoto kilitakiwa kusoma nyuzi 105. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya England haviko juu sana ya usawa huo. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 95 na nusu, kwa hiyo jemu huiva ikifika kama nyuzi 100. Anayengoja 105 kwenye milima ya Usambara atapata kashata. Pima kwanza maji yanayochemka jikoni kwako, kisha ongeza nyuzi tano.

Kushika kwa jemu hutegemea pektini na ukali wa tunda. Matufaa ya kupikia yana vyote viwili. Stroberi na cheri ni maskini, na wakati wa amani zilisaidiwa kwa limao. Meli zilipoacha kuleta malimao, vituo vilichanganya stroberi na maji ya tunda lenye ukali, na blakiberi za vichakani zikapikwa pamoja na matufaa: ratili 4 za blakiberi, ratili 1 na nusu ya matufaa, ratili 6 za sukari. Kabla ya kutia sukari chukua kijiko kimoja cha maji ya tunda yaliyopoa, ongeza vijiko vitatu vya spiriti, tikisa taratibu, ngoja dakika moja. Likitokea donge moja zito, endelea. Vikitokea vipande vipande, ongeza tunda lenye pektini. Kilichopimwa kimwagwe, spiriti ni sumu. Wenye maembe na mapapai wazingatie zaidi suala la ukali: papai bila limao halishiki, na wala halina asidi ya kulilinda.

Matatizo mengine yalitokana na vyombo. Sufuria zilipopungua, kishawishi kilikuwa kutumia karai la bati la kuogea. Bati lile limepakwa zinki, na asidi ya matunda huitoa zinki ikaingia kwenye chakula, ikasababisha kutapika. Chupa zilikuwa za kuokoteza, kwa hiyo zilioshwa, zikapashwa moto kwenye oveni ili zisipasuke, zikajazwa hadi mdomoni kwa kuwa jemu hunywea ikipoa. Karatasi ya nta iliwekwa juu papo hapo. Kifuniko hufungwa jemu ikiwa ya moto sana au ikiwa imepoa kabisa. Ukifunga ikiwa vuguvugu, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, matone huyeyusha sukari ya juu, na ukungu huanzia hapo. Ukiona chupa imefanya ukungu juu tu huku chini ni nzima, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mwaka 1940 Wamarekani walipeleka mashine zipatazo 500 za kufungia makopo, aina ya Dixie, za kuzungushwa kwa mkono. Kopo hukaa kwenye kisahani, kifuniko kinawekwa, rola ya kwanza inakunja ukingo wa kifuniko chini ya ukingo wa kopo, ya pili inaubana mkunjo huo. Rola ikilegea kwa unene wa kucha, kopo linavuja na hutajua mpaka linuke. Jaribio ni rahisi: funga kopo tupu lenye maji kidogo, lizamishe kwenye maji ya moto, utazame vipovu. Matunda mekundu yalitaka makopo yaliyopakwa vanishi ndani, kwa sababu rangi yake na bati havipatani. Tunda hupauka na kopo huliwa. Baada ya kuchemshwa, makopo yaliingizwa mara moja kwenye maji baridi, la sivyo joto lililobaki ndani liliyageuza matunda kuwa uji.

Sasa maharage. Tunda lenye ukali linahifadhika kwa maji yanayochemka kwa sababu asidi yake haimruhusu bakteria aitwaye Clostridium botulinum kuota. Maharage, mahindi, mboga za majani na nyama hazina asidi hiyo. Mbegu za bakteria huyu zimo kwenye udongo, huvumilia saa nyingi za kuchemshwa kwa nyuzi 100, kisha huamka ndani ya chupa isiyo na hewa na kutoa sumu inayolemaza misuli ya kupumulia. Chupa inaweza kuonekana safi, isinuke, isifure. Kinachoziua ni joto la nyuzi 115 na zaidi, nalo halipatikani bila sufuria ya mvuke wa shinikizo. (Na Lushoto maji yetu hata hizo nyuzi 100 hayafiki.) Ndiyo sababu mama wa kijijini wakati wa vita aliambiwa aache kuyafunga maharage kwenye chupa, ayatie chumvi: ratili 1 ya chumvi kwa kila ratili 3 za maharage. Yalioshwa, yakakaushwa, yakakatwa, yakapangwa tabaka kwa tabaka kwenye chombo cha udongo au kioo, chumvi chini na juu, yakagandamizwa. Baada ya siku chache hushuka na kutoa maji yao, ukaongeza maharage mengine mpaka chombo kijae. Anayepunguza chumvi kwa kuona ni nyingi anapata maharage yenye utelezi, nayo ni ya kutupa. Wakati wa kula huoshwa, hulowekwa saa mbili, na hupikwa bila chumvi.

Makala yenu haikugusa ugomvi uliokuwapo. Kuanzia Machi 1941 jemu yenyewe iliingia kwenye mgao, na ile ya vituo ilipaswa kuuzwa kwa bei ya serikali. Aliyekesha akitoa kokwe akajikuta ananunua chupa yake kwa kadi ya mgao kama mtu mwingine yeyote. Wengi walinung'unika, na kuwaita wachoyo ni kuwaonea. Sheria ilikuwa na haki ndani yake, maana sukari ile ilikatwa kwenye fungu la taifa zima, wakiwamo watoto wa mijini. Lakini kumnyima aliyejitolea hata chupa mbili ni uchumi wa karani. Tazameni takwimu: karibu theluthi ya kazi yote ya miaka sita ilifanyika mwaka wa kwanza. Mavuno hupanda na kushuka, hatuwezi kuibebesha sheria lawama yote, ila hatuamini kuwa haikuchangia.

Jambo la mwisho linahusu huku kwetu. Chupa za kuhifadhia matunda bila sukari zilifungwa kwa pete za mpira. Japani ilipoteka Malaya mapema mwaka 1942, mpira ukawa adimu, na mashamba ya mpira ya enzi za Wajerumani yaliyokuwa yameachwa upande wa Tanga yakafufuliwa, kwa vibarua ambao wengi waliandikishwa kwa lazima. Mpira huo ulitakiwa zaidi kwenye matairi kuliko kwenye chupa. Hata hivyo, mkiandika tena kuhusu kujitolea kijijini England, mistari miwili kuhusu wale ambao hawakuulizwa kama wanajitolea haitakuwa nje ya mada.

Tunaomba kisanduku cha marekebisho kiwe na ukubwa uleule wa kile cha mapishi, na maharage yatangulie. Plamu za Lushoto huanza kujaa masokoni kuelekea Desemba, na tunajua watu wanakata mapishi gazetini na kuyabandika jikoni.

Walimu wastaafu wa sayansi kimu na usindikaji wa vyakula,
Lushoto