Zimamoto ifundishwe kwenye vyuo vya wananchi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari ya wiki jana kuhusu pendekezo la kuanzisha mafunzo ya zimamoto katika chuo cha maendeleo ya wananchi. Mliyemhoji alisema chuo cha useremala na ushonaji hakina hadhi ya kufundisha kazi ya kijeshi, na kwamba watakaohitimu hawatapata ajira. Mkaishia hapo. Hamkumtafuta hata mtu mmoja aliyewahi kuunguliwa.

Mimi ni fundi seremala, na ufundi huu niliupata kwenye chuo cha aina hiyo hiyo. Mwaka juzi, saa nane mchana, karakana ya jirani yangu ilishika moto. Kijana mmoja alikuwa anapaka vanishi, na hatua chache kutoka hapo mwenzake anachomelea geti. Cheche iliruka ikaangukia kwenye maranda, maranda yakawasha kopo la tina ya kuyeyushia vanishi. Yule wa vanishi alifanya ambacho wengi wetu tungefanya: alichota ndoo ya maji akamwaga. Tina ikaelea juu ya maji huku inawaka, ikamfuata mpaka miguuni. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, umetundikwa nyuma ya mlango, stika ya ukaguzi bado mpya. Niliuchukua mimi mwenyewe. Nikabana mkono wa ule mtungi kwa nguvu zangu zote, hakikutoka kitu. Sikujua kwamba kuna pini ya kuchomoa kwanza. Watu walikuwa wamejaa pale, wanaume wazima na simu zao mkononi, na hakuna aliyesema "chomoa pini" kwa sababu hakuna aliyejua. Tuliilipia mitungi hiyo, tukalipia na ukaguzi wake, lakini siku ya kuitumia mtungi ukawa chuma tu mikononi mwangu. Karakana ikaenda, saluni ya pembeni ikaenda, na maduka mawili. Yule kijana alipona, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto mpaka leo havikunji, na kupiga randa hawezi tena.

Tulipiga 114, namba ya zimamoto, na walipokea. Gari lilitoka makao makuu ya wilaya, likafika baada ya saa moja na nusu. Wapo waliowatukana askari, mmoja akaokota jiwe. Niliona aibu, maana askari wale hawakuwa na kosa. Barabara ni ndefu, na walipofika mjini walikuta njia ya nyuma ya soko imezibwa na vibanda. Hivyo vibanda nimevisemea kwenye mikutano ya mtaa mara tatu. Vinavunjwa Jumatatu, Ijumaa vimerudi, vingine na jiko la mkaa mlangoni na turubai juu yake. Viongozi wanapita hapo kila siku wakinunua nyanya.

Sasa huyo mliyemhoji anaposema mafunzo hayafai kwa sababu hakuna ajira, mimi simwelewi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina chuo chake Chogo, Handeni, na askari waendelee kufundishwa huko. Lakini mama lishe haombi ajira ya zimamoto. Kazi anayo. Anachohitaji ni kujua kwamba mafuta ya kukaangia yakiwaka hayamwagiwi maji, yanafunikwa. Bodaboda anahitaji kujua kwamba mvuke wa petroli hausubiri kiberiti kiletwe karibu. Pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa lori la mafuta lilipoanguka, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana wapatao 40 waliteketea bwenini. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, katikati ya Dar es Salaam. Sisi wa miji midogo tuokolewe na nani katika ile saa moja na nusu?

Na hilo la hadhi limeniudhi kuliko yote. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, ili mtu mzima wa kijijini ajifunze linalomfaa pale anapoishi. Kujiokoa na moto kusipokuwa miongoni mwa hayo, niambiwe lipi linafaa.

Waanze hivi. Wachukue watu 30 kwa mkupuo: mafundi 10, mama lishe 10, bodaboda 10. Jumamosi 12 mfululizo, mkufunzi akiwa askari mmoja wa zimamoto. Kwenye uwanja wa nyuma wajenge chumba kimoja cha tofali chenye milango miwili, humo wafundishwe kutambaa chini ya moshi. Wanunue pampu moja, mipira ya maji miwili, na mitungi ya kutosha kila mmoja achomoe pini kwa mkono wake na kulenga shina la moto, asiondoke mpaka ameweza. Na wanafunzi wa useremala waliopo chuoni waanze na hilo somo kabla hawajashika vanishi.

Ngazi nitatengeneza mimi bila malipo. Mbili, za mninga, mita sita kila moja. Mbao ninazo tayari.

Fundi seremala,
Mkoa wa Morogoro