Tangi la shehia lisifungwe modemu ya 2G pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa ajili ya kamati za maji za shehia, skuli zenye visima vyake na wenye majokofu ya samaki. Siku hizi wengi wao wananunua vifaa vya kupima kina cha tangi, kuwasha pampu au kutoa taarifa ya joto kwa kutumia laini ya simu. Ninalowaomba ni hili: wasikubali kifaa kinachoshika 2G peke yake, hata bei yake ikiwa rahisi vipi. Wadai cha 4G, cha daraja liitwalo Cat 1 bis.

Masafa yanayobeba 2G ndiyo hayo hayo wenye minara wanayahitaji kwa 4G na 5G. Kule Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G mwisho wa mwaka 2016 na 3G mwezi Februari 2022, na kila mashine iliyotegemea mitandao hiyo ikanyamaza. Kwetu 2G bado inafanya kazi. Lakini kifaa cha tangi hufungwa kikae miaka kumi, juu ya mnara wa tangi ambao si kila mtu yuko radhi kuupanda, na kukibadilisha si kama kubadilisha simu ya mkononi.

Kwa nini Cat 1 bis? Hushusha data hadi megabiti 10 kwa sekunde na kupandisha 5, hutumia antena moja tu, na hupokelewa na mnara wa 4G wa kawaida bila mwenye mtandao kufunga chochote kipya. Cat 1 ya mwanzo inataka antena mbili. Fundi akiacha tundu la antena ya pili tupu, kifaa hushika mtandao kwa shida penye mawimbi hafifu. NB-IoT, mtandao mwembamba wa 4G wa vifaa vinavyotuma data kidogo, hula umeme kidogo sana, lakini ni lazima mwenye mnara awe ameiwasha, na toleo lake la kwanza hushusha kilobiti 26 hivi kwa sekunde. Faili la kusasisha programu lenye kilobaiti 500 litachukua zaidi ya dakika mbili na nusu hata mambo yakienda vizuri kabisa. Kuhusu RedCap, ile 5G ya mashine iliyokamilishwa kwenye viwango vya mwaka 2022, inataka 5G iliyosimama peke yake bila kuegemea 4G. Inafaa kamera za ulinzi. Tangi la maji halina haja nayo.

Kabla ya kulipa, soma herufi za mwisho za jina la moduli, yaani kile kipande cha mawasiliano kilichomo ndani ya kifaa. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina bendi (mafungu ya masafa) za huko. Sisi tumo kwenye eneo moja la masafa na Ulaya, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa bendi 3, 8, 20 na 28, kisha uthibitishe na mwenye mtandao ni zipi zinazorushwa na mnara wa shehia yako.

Sasa umeme, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Moduli nyingi za Cat 1 bis zina 2G ndani kwa ajili ya dharura. Zikirudi huko, huvuta hadi ampea 2 kwa mikupuo ya nusu milisekunde. Chukua betri ya volti 3.8 na waya mwembamba ambao kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.3. Ampea 2 zikipita humo hupotea volti 0.6, moduli inabakiwa na 3.2, nayo hutaka angalau 3.4. Itajizima na kujiwasha kila inapojisajili kwenye mnara. Mita ya kawaida ya fundi haiuoni mkupuo huo, itaonesha 3.8 na fundi ataapa kwamba laini ndiyo mbovu. Dawa yake ni waya mnene na mfupi, pamoja na kapasita (kihifadhi umeme wa muda mfupi) ya mikrofaradi 1000 yenye ukinzani mdogo wa ndani, iwekwe karibu kabisa na pini za umeme za moduli.

Antena nayo isibandikwe kwenye bati la mfuniko wala kuachwa ndani ya sanduku la chuma. Waya mwembamba wa antena uitwao RG174 hupoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita kwenye megahezi 900, na zaidi ya hapo kwenye 1800. Mita tano zake ni hasara tupu. Ndani ya kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, au bondeni Pemba chini ya mikarafuu iliyolowa, ni bora kupandisha kifaa chote juu kuliko kurefusha waya. Fundi aandike AT+CSQ, amri ya kukiuliza kifaa nguvu ya mawimbi, mbele yako. Akipata 14 ni sawa na desibeli-miliwati -85, panafaa. Chini ya 10 atafute pahala pengine, na 99 maana yake kifaa hakijui kinasikia nini. Apime pia siku ya mvua ya masika.

Chumvi ya bahari haina huruma. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha 316, matundu ya waya yaelekee chini, na kiungo cha antena kizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Laini ya kuchomeka hushika kutu kwenye miguu yake, kwa hiyo iliyochomelewa kwenye bodi ni bora zaidi.

Jengine ni bando. Kifaa kinachotuma kila dakika 15 hutuma mara 96 kwa siku. Kikianza upya kila mara mazungumzo ya usiri, yaani kukubaliana na seva jinsi ya kuficha data, kwa kilobaiti 5 hivi, kwa mwezi kinafikia megabaiti 14, hata kama kipimo chenyewe ni herufi mia. Kidogo, lakini bando la wiki likiisha hakuna mtu pale wa kununua jengine. Ulizia laini ya mashine inayolipiwa kwa mwaka, na uondoe PIN.

Malipo ya mwisho yasitolewe siku ya kufunga. Kifaa kikae siku 14. Katikati yake umeme ukatwe saa sita, kisha antena ifunguliwe saa moja na kurudishwa. Kikishindwa kurudi hewani chenyewe bila mtu kupanda ngazi, muuzaji akichukue.

Fundi wa mitambo ya mawasiliano,
Chake Chake, Pemba