Kila chungu kiwe na mwenyewe

Namakwekwe, Mbale

Binti yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi yako amesema nikuambie goti limepoa, usimtumie dawa nyingine.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikausikiliza tena. Kuhusu ile sherehe yetu ya chakula kilicholimwa bila dawa, umeuliza kama uje na sahani za plastiki kutoka Kikuubo, huko sokoni Kampala, kama vijana wataruhusiwa kupika rolex, zile chapati za kukunjiwa mayai, na kwa nini kamati imekataa mahema ya bure wakati hela hatuna. Haya si maneno ya simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Sahani usilete. Tutakula kwenye majani ya mgomba, na wazee watapewa sahani za bati za msikitini. Ila kuna jambo la jikoni nataka ulisimamie wewe, kwa sababu mimi siku hiyo nitakuwa na wageni. Matoke yafunikwe kwa majani, si kwa kavera, ile mifuko ya plastiki. Unajua siku hizi kwenye harusi na matanga mpishi akiwa na sufuria kubwa huona majani ni kazi, anafunika kwa kavera na kusema mvuke hautoki. Plastiki ile haikutengenezwa ikae juu ya chakula kinachochemka saa nzima. Migomba tumeihangaikia bila dawa yoyote, halafu tuje tuiharibie jikoni? Majani yababuliwe kidogo motoni yawe laini, yasipasuke. Uti wa majani upangwe chini ya sufuria ili matoke yasiguse maji. Shangazi yako anajua, kaa karibu naye umwangalie mikono.

Na migomba yenyewe imetutoa jasho. Mnyauko ulishafika mpaka kwa jirani yetu wa chini. Ugonjwa ule hauna dawa ya kupulizia, hata mwenye pesa zake hawezi kuununulia kitu dukani. Tulichofanya ni kuwahi kukata ua la chini kila mkungu ulipomaliza kutoa vichane, tukitumia mti wenye panda badala ya panga, kwa sababu wadudu wanaotua kwenye ua ndio wanaousambaza, na panga lenyewe hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Panga likilazimika kuingia shambani, linapitishwa kwanza kwenye moto. Baba yako amekuwa mkali kwa hilo kiasi cha kuwazuia hata ndugu zake kuingia na mapanga yao.

Sasa mahema. Kuna duka moja la pembejeo hapa mjini lilitaka kutupa mahema, fulana na maji ya chupa, kwa sharti kwamba bango lao la dawa za kupulizia likae mlangoni. Kikao kilikuwa kirefu. Wengine walisema hema ni hema, kivuli hakina dini. Mimi nilisimama nikakataa, na nitakueleza kwa nini, maana najua utaulizwa na wenzako.

Simchukii mwenye duka, wala simlaumu mkulima anayepulizia. Viwavijeshi vilivyoingia nchini mwaka 2016 vimemaliza mahindi ya watu wengi, na mtu mwenye watoto wa kulipia ada hawezi kukaa kuangalia shamba likiliwa. Lakini siku hii moja tunawaita watu waje waone kwamba inawezekana kula bila vile vichupa vya dawa. Tukiwapokea chini ya bango la vichupa, watatuamini kwa lipi? Mahema tumeyapata. Msikiti umetoa yake, na kanisa la kule juu nao wametoa yao, pamoja na viti.

Sasa kazi yako, na hii ndiyo ninayoitaka zaidi ya zote. Nataka uandike kadi. Kila chungu, kila kapu na kila chupa ya asali iwe na kadi inayosema chakula ni nini, nani amelima, kijiji gani, udongo aliurutubisha kwa kitu gani, na kilipuliziwa nini. Kama kilipuliziwa, iandikwe kilipuliziwa. Uandike kwa Kiswahili, na upate mtu akusaidie Kimasaba na Kiganda, kwa sababu wageni watakuwa wa kila aina.

Umesema kwenye ujumbe wako tuchapishe alama ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo hai yaliyothibitishwa, kwenye bango ili watu wajue tuko makini. Hapana, mwanangu. Alama ile ina wenyewe na ina masharti. Ilianza mwaka 2007, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kiwango kimoja cha kilimo hai, na huwezi kuibandika kwa sababu tu unajijua moyoni kwamba hukupulizia. Kuna njia ya wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe katika kikundi, bila kulipa mkaguzi kutoka mbali, na NOGAMU, muungano wa kilimo hai wa hapa Uganda ulioanzishwa mwaka 2001, ni kati ya waliofundisha vikundi njia hiyo. Kikundi chetu kimeanza kutembeleana mashambani na kuandika daftari. Bado hatujafika. Mpaka tufike, kadi zako ndizo zitakazotusemea, na pembeni ya kila kadi mwenye chakula asimame mwenyewe aulizwe.

Ndiyo maana rolex nimewakubalia vijana. Najua baadhi ya wamama wamenuna. Mayai ni ya kuku wa kienyeji wa hapa hapa, vitunguu na nyanya ni vyetu, mafuta ni ya alizeti iliyokamuliwa na mtu tunayemjua. Unga wa ngano ndio hatujui umetoka wapi. Basi kadi iseme hivyo: unga, wa dukani. Tukiwafukuza vijana kwa ajili ya chapati, mwakani tutakuwa tunasherehekea wazee peke yetu.

Kachumbari itakuwa kidogo, na usiende sokoni kuongezea nyanya. Zile za sokoni zenye vumbi jeupe unazijua. Vumbi lile ni dawa ya ukungu, mara nyingi mankozebu, inayopuliziwa sana wakati wa mvua. Mkulima ameambiwa asubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna, lakini bei ikipanda leo anavuna leo. Na wapo wanunuzi wanaozichagua hizo hizo wakiamini hazitaoza upesi. Shangazi yako za kwake amezisimamishia vijiti, akapunguza majani ya chini, akatandaza nyasi kavu ardhini ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani. Zimetoka ndogo, nyingine zina makovu. Uziweke mbele kabisa mezani, watu waone nyanya isiyopuliziwa inavyofanana.

Karanga ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko vyote. Watu wakisikia chakula cha asili hudhani hakiwezi kuwa na sumu. Sumukuvu ni ya asili kabisa. Inatokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, huwezi kuiona kwa macho, haiondoki kwa kupika, na inaharibu ini. Mtu anaweza asiguse dawa hata tone, kisha akaanika karanga zake chini kwenye udongo wenye unyevu na kulisha wageni sumu. Kwa hiyo tumekataza kuanika chini. Kila aliyeahidi karanga ameanika kwenye turubai, na zikishakauka zinaletwa kwa bibi yako.

Ungemwona. Anakaa barazani na ungo mapajani, anapepeta, kisha anaanza kuchambua kwa vidole, moja moja, huku akiongea na kila anayepita. Iliyosinyaa inatoka. Iliyobadilika rangi inatoka, iliyopasuka vilevile. Mara kwa mara anaokota moja anaivunja kwa meno asikie kama inalia. Isipolia, mzigo wote unarudi juani na mwenye mzigo anaelezwa bila kufichwa. Zile zilizotupwa hata kuku hawapewi. Juzi alimrudishia mke wa katibu wa kamati gunia zima, na mama yule akalibeba akaenda zake kuanika upya.

Hizo karanga ndizo zitakazopikiwa malewa, yale machipukizi ya mianzi, na bila malewa hakuna sherehe ya Bugisu. Ukiulizwa, usiseme tumelima. Yanatoka huko juu, ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon, na anayevuna lazima awe kwenye kikundi chenye makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori. Tumenunua kwa mama mmoja wa Bududa, ameshayakausha kwa moshi jinsi inavyotakiwa, na atakuja mwenyewe kusimama penye chungu chake. Bahati yetu mwaka huu si mwaka wa imbalu, ile tohara ya vijana wetu, vinginevyo tusingeyapata kwa bei ile.

Mama huyo pia ameombwa aseme kidogo kuhusu udongo. Wewe ulikuwa mdogo maporomoko yalipofunika kijiji cha Nametsi, huko kwao Bududa, Machi 2010, lakini mafuriko ya Julai 2022 hapa mjini unayakumbuka, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivyofurika usiku. Sisemi mboji ingezuia maji yale. Ninachosema ni kwamba shamba lenye matandazo, makinga maji ya fanya juu, yenye udongo uliorushwa upande wa juu, na miti ya mringaringa juu ya kahawa hushika udongo wake kuliko shamba lililokwanguliwa likaachwa uchi mteremkoni. Wazee wetu walipanda kahawa chini ya migomba na miti, na sisi tuliokuwa tukikata ile miti ndio sasa tunafundishwa kuirudisha. Mpeni muda wa kutosha, asikatizwe na muziki.

Kuhusu nyama, ni kuku tu, na sheikh atachinja wote ili kila mtu ale. Pilau itakuwepo, mchele ni ule wa nchi kavu wa mjomba wako. Viungo vya pilau ni vya dukani, na kadi iseme hivyo.

Meza ya mbegu itakuwa ya bibi yako, na wewe umsaidie kuandika. Watu waje na maharage yao, mtama, ulezi, mboga ya nakati, maboga, wabadilishane bila hela. Mahindi ya Longe 5 yapokelewe, kwa sababu mbegu yake inatunzwa na kurudiwa kupandwa. Ya chotara, zile zenye herufi H mbele ya namba au nyuma yake, mweleze mtu kwa upole kwamba akiirudia msimu ujao haitazaa kama mwanzo, na si haki kumpa mwenzio bila kumwambia. Ulezi tunautarajia kutoka kwa rafiki zetu wa Pallisa, na ndio utakaopikiwa uji wa asubuhi.

Sasa safari. Njoo Alhamisi, siyo Jumamosi asubuhi, maana kadi zote inabidi ziandikwe Ijumaa baada ya swala, wenye vyakula wakiwepo uwahoji mmoja mmoja. Uliza maswali hata kwa watu wazima, wamekwisha kuambiwa na hakuna atakayekuona huna adabu. Hata baba yako muulize ile mbolea ya ng'ombe aliitoa kwa nani. Panda basi la asubuhi linalopita njia ya Tirinyi, usiku usisafiri. Lete kalamu nene za wino usiofutika na maji, bahasha za kaki za mbegu, na karatasi ngumu nyeupe, hivyo vitu huku ni ghali. Fulana usinunue. Kama utabakiwa na nafasi kwenye mkoba, mletee bibi yako ile chai aliyoipenda.

Na unijibu kabla ya Jumapili, nijue kama rafiki yako wa kazini bado anakuja, nimtandikie chumba cha kaka yako.

Wako akupendaye,
Mama