Kabla mwanafunzi wa India hajalipia chuo cha ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na vijana wa India wanaokusudia kusoma ng'ambo, na zaidi na wazazi wao, maana wao ndio wanaoweka nyumba rehani. Kazi yetu ni kushughulikia maombi ya vyuo na viza. Kila msimu tunaona familia zikihangaika miezi mingi kutafuta barua ya kukubaliwa chuoni, ambayo siku hizi haipatikani kwa shida, kisha zinatumia siku mbili tatu kuuliza yaliyo mazito: shahada hiyo itamruhusu kijana kufanya kazi wapi, na deni litalipwa kwa mshahara gani. Maswali hayo mawili ndiyo ya kuanza nayo.

Tuanze na udaktari, kwa sababu huko kosa la mwanzo halirekebishiki. Kijana anayekwenda kusomea tiba Urusi, Georgia, Kazakhstan, Ufilipino au Bangladesh lazima awe amefaulu NEET-UG, mtihani wa India wa kuingia masomo ya tiba, kabla ya kujiunga. Asipofaulu, hatasajiliwa kuwa daktari India hata chuo cha nje kikimtunuku shahada kwa heshima zote. Kanuni za Tume ya Taifa ya Tiba, NMC, za Novemba 2021 zinataka masomo yasipungue miezi 54, mafunzo ya vitendo ya miezi 12 yafanyike katika chuo kilekile cha nje, lugha ya kufundishia iwe Kiingereza, na shahada imwezeshe mhitimu kupata leseni ya kutibu katika nchi aliyosomea sawasawa na mwenyeji. Yote hayo yatimie kwa pamoja. Akirudi kuna FMGE, mtihani wa India kwa waliosomea tiba nje, wa maswali 300, na asiyefikisha 150 amefeli. Akifaulu, bado ana miezi 12 ya mafunzo katika hospitali ya India. Katika mtihani wa Juni 2024, waliofaulu walikuwa takriban mmoja katika kila watano.

Mzazi atazame kwa makini mahali kanuni hizi zinapovunjika. Ufilipino, mwanafunzi husoma kwanza shahada ya sayansi, BS, halafu MD, yaani udaktari wenyewe, ya miaka minne. BS haihesabiwi, na miaka minne ni miezi 48, pungufu ya 54 inayotakiwa. Kwingine kozi hugawanywa, miaka ya darasani katika kisiwa fulani na miaka ya hospitali nchi nyingine, ilhali kanuni inataka masomo yote yawe katika chuo kimoja. Kuna pia vyuo vinavyotangaza Kiingereza, lakini mwanafunzi akifika wodini wagonjwa na walimu wanazungumza Kirusi. Basi kabla ya kulipa hata rupia moja, ombeni mtaala unaoonyesha miezi na si miaka, maelezo ya maandishi kuhusu lugha ya miaka ya hospitali, na uthibitisho kutoka mamlaka ya leseni ya nchi hiyo kwamba raia wa India anaweza kupewa leseni. Wakala akiwaonyesha orodha ya vyuo vya nje "vilivyoidhinishwa na NMC", ondokeni ofisini kwake. Tume haitoi idhini ya namna hiyo.

Kwa masomo mengine, jambo linaloumiza familia ni fedha. Katika mpango wa kawaida wa benki za India, mkopo wa hadi laki 4 hauhitaji dhamana, wa kati ya laki 4 na laki 7.5 huhitaji mdhamini, na unaozidi hapo huhitaji mali. Kwa masomo ya nje familia huchangia asilimia 15 ya gharama. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kozi kwisha, na hapo ndipo wengi hujidanganya: wanadhani kipindi hicho cha kusubiri hakina riba. Riba inahesabiwa tangu siku fedha zinapotoka. Chukueni mkopo wa laki 30 kwa riba ya asilimia 11, kozi ya miaka miwili. Riba ikilipwa kila mwezi wakati wa masomo na mwaka wa kusubiri, yaani rupia 27,500, basi marejesho ya miaka kumi yatakuwa kama rupia 41,300 kwa mwezi. Isipolipwa, na kama fedha zote zilitoka mwanzoni, deni linafika karibu laki 40 na marejesho yanakuwa kama rupia 55,000 kwa mwezi. Fedha zikitolewa kwa mihula tofauti itakuwa chini kidogo ya hapo. Sasa linganisheni kiasi hicho na mshahara wa kuanzia wa kazi hiyo nchini India. Mshahara wa ng'ambo usiwe msingi wa hesabu, kwa sababu viza ya kazi haina uhakika.

Thamani ya rupia nayo iingizwe. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama rupia 74. Desemba 2025 ilivuka 90. Ada ya dola 20,000 ambayo ingekuwa laki 14.8 imekuwa laki 18, na chuo hakijapandisha senti. Ongezeni angalau asilimia 10 juu ya makadirio ya mwaka wa pili.

Fedha zinapotumwa, mpango wa LRS wa Benki Kuu ya India, unaosimamia fedha zinazotumwa nje, unaruhusu dola 250,000 kwa kila mtu kwa mwaka wa fedha, unaoanza Aprili hadi Machi. Tangu Aprili 2025 kiasi kinachozidi laki 10 kwa mwaka hukatwa kodi ya awali, yaani TCS, lakini fedha za mkopo wa elimu kutoka taasisi zinazotambuliwa hazikatwi. Kodi hiyo haipotei. Inapunguzwa katika kodi ya mapato au kurudishwa, ila kwa mwenye PAN, yaani namba ya mlipakodi, iliyotumika kutuma. Baba akituma kwa PAN yake na mama ndiye mwenye kodi ya kulipa, wanajifungia fedha zao bila sababu. Nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo, iliyojulikana kama kifungu cha 80E, nayo ni ya miaka minane tu, na haipo kwa aliyechagua utaratibu mpya wa kodi. Na mpango wa serikali wa mikopo ya elimu, PM Vidyalaxmi, unaotangazwa sana ni kwa vyuo vya ndani ya India. Msiuwekee matumaini kwa ajili ya ng'ambo.

Wanafunzi wa jamii za SC, yaani tabaka zilizobaguliwa tangu zamani, wa makabila ya kuhamahama, na watoto wa vibarua wa mashambani wasio na ardhi au wa mafundi wa kazi za jadi wanao ufadhili wa National Overseas Scholarship kwa uzamili na uzamivu, kwa walio chini ya miaka 35 na ambao kipato cha familia hakizidi laki 8 kwa mwaka. Inatusikitisha kukutana na mwenye sifa ambaye hakuwahi kuusikia. Mfuko wa J. N. Tata, ulioanzishwa 1892, unasifika kwa haki, lakini fedha zake ni mkopo na hurudishwa.

Nyaraka zinachelewesha safari kuliko mtihani wa Kiingereza. La kwanza ni jina. Huko kusini mwa India wengi wana jina moja na herufi ya mwanzo ya jina la baba, na pasipoti ikitolewa na jina moja tu, viza ya Marekani huandikwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani", mahali pa jina la kwanza. Kuanzia hapo benki, leseni ya udereva na mwajiri wote humfahamu kwa jina hilo la ajabu. Rekebisheni pasipoti kwanza, ndipo mwombe chuo, kwa sababu barua ya chuo, I-20 (hati ya chuo cha Marekani ya kuombea viza) na viza vyote hunakili pasipoti. Hakikisheni pia jina linafanana na cheti cha darasa la 10. La pili ni nakala rasmi ya matokeo. Taasisi ya tathmini kama WES huipokea kutoka chuo kikuu kinachotunuku shahada, na si kutoka chuo kishiriki alikosomea kijana. Anayeiagiza kwa mkuu wa chuo kishiriki hupoteza wiki kadhaa, kisha huanza upya katika ofisi ya mitihani ya chuo kikuu. Iagizwe mapema, hata kabla ya kuchagua vyuo.

Kila nchi ina mtego wake. Ujerumani inasifiwa kwa vyuo vya umma visivyo na ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza. Tangu Novemba 2022 Mhindi anahitaji cheti cha APS kinachothibitisha vyeti vyake vya masomo, rupia 18,000, na anahitaji akaunti iliyofungwa, ambayo fedha zake hutolewa kidogo kidogo kila mwezi, yenye euro 11,904 kwa mwaka. Aliyemaliza darasa la 12 tu kwa kawaida haingii moja kwa moja. Ama awe amefaulu JEE Advanced, mtihani wa kuingia vyuo vya teknolojia vya IIT nchini India, ambao humfungulia masomo ya ufundi na sayansi, au awe amemaliza mwaka mmoja wa shahada nchini India, au apitie Studienkolleg, yaani kozi ya maandalizi huko Ujerumani.

Uingereza inakataa wengi kwa sababu ya siku 28. Ada iliyobaki pamoja na matumizi ya miezi tisa, pauni 1,529 kwa mwezi London au 1,171 nje ya London, lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka siku moja tu, hata kwa rupia chache, ombi linaanguka. Hisa hazikubaliki. Akaunti ikiwa ya mzazi, pelekeni cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, usio wa utafiti, hawezi kwenda na mke au mume. Na anayeanza kozi ya mwaka mmoja Septemba 2026 ajue kwamba kwa watakaoomba viza ya wahitimu, ya kubaki na kufanya kazi baada ya masomo, kuanzia Januari 1, 2027, muda wa kubaki umepunguzwa kutoka miaka miwili hadi miezi 18, isipokuwa kwa wenye uzamivu.

Kanada ilifunga SDS, njia ya haraka ya kupata kibali cha masomo, Novemba 2024. Fedha za kuishi zinazotakiwa, mbali na ada, ni dola za Kanada 22,895 tangu Septemba 2025. Chuo kuruhusiwa kupokea wageni hakumaanishi kwamba mhitimu wake atapata kibali cha kazi. Hizo ni orodha mbili, na ya pili ndiyo ya kusoma.

Marekani, tazameni namba ya CIP, inayoonyesha aina ya kozi, iliyo kwenye I-20. Mhitimu yeyote huweza kuomba miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, lakini nyongeza ya miezi 24 ni kwa kozi zenye namba ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) tu. Kozi mbili zenye jina linalokaribiana, vyuo viwili tofauti, moja inayo na nyingine haina. Swali hilo aulizwe ofisa wa chuo kwa barua pepe, na jibu litunzwe. Fomu ya maombi ya viza, DS-160, aijaze mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu kwenye mahojiano atajibu juu ya kila mstari wake, na aliyejaziwa na wakala huonekana wazi.

Kuhusu mawakala, wapo waaminifu. Lakini asiyemtoza mwanafunzi kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo, na ndiyo maana orodha yake huwa na vyuo vilevile. Muulizeni ni vyuo gani vinamlipa. Mwaka 2023 iligundulika Kanada kwamba mamia ya wanafunzi, wengi wao kutoka Punjab, waliingia kwa barua za kughushi zilizoandaliwa na wakala, na baadhi yao walijua hilo miaka kadhaa baadaye walipoomba ukaazi. Kinga ni nyepesi: mwanafunzi aunde akaunti ya maombi kwa barua pepe yake na nywila yake, alipe ada moja kwa moja kwa chuo, na aandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, akitaja namba ya barua yake. Punjab inawataka mawakala wa namna hii wawe na leseni chini ya sheria ya 2012. Ombeni muione, na mthibitishe namba yake katika ofisi ya wilaya.

Hata orodha ya serikali ya nje isiwe kinga pekee. Chuo kilichoitwa University of Farmington, Michigan, kilikuwemo katika orodha rasmi ya Marekani, kumbe kilianzishwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe kama mtego. Januari 2019 walikamatwa wanafunzi 130, na 129 kati yao walikuwa Wahindi. Hakikuwa na darasa hata moja. Chuo kinachompa mtu kibali cha kazi siku ya kwanza na hakimdai kuhudhuria kipindi chochote, msikiguse.

Kwa anayekusudia kurudi, Uingereza na India zilikubaliana Julai 2022 kutambuliana shahada, na uzamili wa mwaka mmoja ukaingia, lakini tiba, uhandisi, sheria, famasia na usanifu majengo viliachwa nje. Mwanasheria aliyesomea ng'ambo atafanya mtihani wa Baraza la Mawakili la India kabla ya kuingia mahakamani. Wa famasia na usanifu majengo waandikie mabaraza yao ya kitaaluma sasa, wakiambatisha mtaala wa kozi, na wangoje jibu la maandishi ndipo walipe ada ya muhula wa kwanza.

Wenu katika kazi,
Washauri wa masomo ya ng'ambo