Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi wa Kaunti ya Kilifi: samaki aina ya mkunga wa Mto Sabaki wawekewe sheria kabla hawajapata mnunuzi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, nikiwa na jambo moja tu.

Siku hizi, panapozungumzwa ufugaji wa samaki huku kwetu, mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, hakosi kutajwa. Watu wamesikia kwamba Wajapani humnunua kwa bei kubwa. Wamesikia pia kwamba Wataliano, ambao Malindi si wageni, humpenda sana. Huko kwao Napoli ni chakula cha mkesha wa Krismasi. Basi vijana wanauliza: sisi tuliokaa kwenye mlango wa mto, kwa nini tusichimbe vidimbwi tukamfuga? Wana haki ya kuuliza, na mimi ningefurahi kuwaona wakipata riziki hapo. Ombi langu ni kwamba ofisi yako iandike kanuni za mkunga kabla leseni ya kwanza haijatolewa. Samaki huyu hafugwi kama perege, na mto ukishamalizwa vifaranga wake, hakuna duka la kwenda kununua wengine.

Perege ukimtia jike na dume kidimbwini, baada ya miezi michache una vifaranga wengi kuliko unavyoweza kuwalisha. Mkunga hazai kidimbwini, wala hazai mtoni. Hukulia kwenye maji baridi kwa miaka mingi, jike mkubwa hata zaidi ya kumi, kisha siku moja huacha kula, macho yakapanuka, tumbo likawa la rangi ya fedha, akateremka na mafuriko hadi baharini. Hutaga kilindini mara moja tu maishani, na huko huko hufa. Wataalamu wanaamini kuwa mikunga wa upande wetu wa Bahari ya Hindi hutaga mashariki ya Madagaska. Watoto huletwa na mikondo ya bahari, na wanapokaribia pwani huwa wamegeuka vijisamaki vyembamba visivyo na rangi, hata uti wa mgongo unauona kupitia ngozi. Hao ndio wanaopanda mto usiku wa giza, wakati maji ya mvua yanaposukuma kwa nguvu hadi baharini.

Wajapani wamejaribu kumzalisha kwa miaka mingi mno. Mwaka 2010 wanasayansi wao walifaulu kukamilisha mzunguko wote wa maisha yake maabara, kutoka yai hadi yai. Hata hivyo, mpaka leo karibu biashara yote ya dunia inategemea vifaranga waliovuliwa. Kidimbwi cha mkunga, kiwe China, Japani au Ulaya, kimejazwa na mto wa mahali fulani. Wafugaji wetu wa mwatiko wanalielewa jambo hili, kwani nao hukusanya vifaranga wao baharini. Lakini mwatiko jike hutaga tena na tena katika maisha yake. Mkunga ana nafasi moja.

Kwa hiyo naomba anayekuja ofisini kwako na mpango wa kufuga mkunga aulizwe kwanza: vifaranga utawatoa wapi, wangapi, na nani atawahesabu?

Yaliyotokea kwingine yanatosha kutuamsha. Ulaya, vifaranga wanaofika pwani wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na kabla ya miaka ya 1980. Mwaka 2008 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka mkunga wa Ulaya katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na mwaka 2014 wa Japani na wa Marekani wakaandikwa kuwa nao wamo hatarini. Biashara ya kimataifa ya mkunga wa Ulaya ikaanza kudhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2009, na mwishoni mwa 2010 Umoja wa Ulaya ukaacha kabisa kumruhusu kuuzwa nje. Wanunuzi hawakurudi nyumbani kulala. Walielekea Marekani, Ufilipino, Indonesia na kwingineko. Ufilipino ilipiga marufuku kuuza vifaranga nje mwaka 2012, na Indonesia nayo ikafunga mlango huo. Kila panapofungwa, mnunuzi hutafuta mto mwingine ambao haujawekewa ulinzi, na bahari yetu ina aina nne za mkunga wa mtoni: Anguilla mossambica, marmorata, bengalensis na bicolor. Kama ipo kanuni ya kaunti inayomtaja mkunga kwa jina, wavuvi wa Sabaki hawajasomewa.

Fikiria bei yenyewe, Mheshimiwa. Katika jimbo la Maine huko Marekani, mwaka 2018 pauni moja ya vifaranga, yaani hata nusu kilo haifiki, iliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Fedha kama hizo zikiahidiwa katika kijiji ambacho mama karanga, yaani mama anayekaanga na kuuza samaki, anahangaika kupata mtaji wa ndoo moja ya samaki, utaona vyandarua vimetandazwa kuanzia darajani hadi baharini. Na chandarua hakichagui. Kitazoa mkunga, kitazoa kamba wachanga, kitazoa mwatiko na samaki wengine waliokuja kukulia kwenye maji yale ya chumvi nusu. Kamba wa Ghuba ya Ungwana ni mkate wa watu wengi kuanzia Malindi hadi Kipini. Sidhani kuna mtu angependa kuwapoteza kwa ajili ya msimu mmoja wa mkunga.

Maine wenyewe waliona hatari hiyo. Tangu 2014 kila mvuvi ana kadi yake, na kila mauzo hupitishwa kwenye kadi hiyo. Tangu 2015 mgao wa jimbo zima ni pauni 9,688 kwa msimu. Ukifika, uvuvi unafungwa. Sisemi tuige idadi hiyo, mito yetu ni tofauti. Nasema walianza kwa kuhesabu. Huku kwetu BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zipo, na wavuvi wanaoshinda mtoni na migono na ndoana zao wanajua mkunga hupita wapi na wakati gani. Wapewe daftari, mizani, mafunzo na posho, wafanye kazi hiyo pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, misimu kadhaa, masika na vuli. Hadi hapo, vifaranga wa mkunga wasitoke nje ya nchi hata kilo moja, na atakayepewa ruhusa ya kuwakusanya kwa ajili ya kufuga hapa hapa apewe kiwango kilichoandikwa na aina ya wavu aliyoidhinishiwa.

Jambo la pili linahusu wale wakubwa, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kawaida ya sheria za uvuvi ni kuwalinda wadogo tu. Mkunga anayekulia palipo na msongamano, kama kidimbwini, mara nyingi huwa dume. Majike ndio wanaokua wakubwa, na wengi wao ni wale waliopanda mbali juu ya mto ambako hakuna msongamano. Mvuvi wa Lango Baya, huko juu ya mto, akitoa mkunga mnene kama mkono wa mtu mzima, karibu hakika ametoa jike aliyekaa mtoni miaka mingi na ambaye bado hajataga hata yai moja. New Zealand imeliona hilo: mvuvi wa biashara haruhusiwi kuchukua mkunga anayezidi kilo 4, wala aliye chini ya gramu 220. Tunahitaji vipimo vyetu viwili, cha chini na cha juu. Pia uwekwe muda ambapo hakuna mtego wa mkunga upande wa chini wa mto, wakati wakubwa wanapoteremka na mafuriko. Mvuvi atapoteza kitu, ni kweli, na haifai abebe mzigo huo peke yake. Hoteli za Malindi zinazompika mkunga zikinunua kwa kipimo, kwa bei ya haki, kutoka kwa mvuvi aliyesajiliwa, pengo hilo linaweza kuzibwa kwa sehemu. Wapo kwetu wasiomla kwa sababu ana umbo la nyoka, kwa hiyo soko lake ni dogo na linajulikana, na soko la namna hiyo ni rahisi kulisimamia.

Kuhusu vidimbwi vyenyewe sina mengi. Mkunga ni mla nyama. Akilishwa dagaa ambao wangeliwa na watu, tumempa anayekula hotelini na kumnyima anayekula nyumbani. Mwombaji leseni aeleze atamlisha nini. Na visichimbwe ndani ya mikoko. Ngomeni tulishakata mikoko kwa ajili ya vidimbwi vya kamba.

Halafu kuna mabwawa. Najua hili haliko mikononi mwako peke yako. Sabaki ni mto ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana huku katikati, na Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, lina ukuta wa takriban mita 80. Mkunga mdogo anaweza kupanda ukuta wenye unyevu na mawe, lakini si ukuta wa kimo hicho. Mkubwa anayeteremka naye akipitia kwenye mitambo ya umeme hukatwakatwa. Kwenye Mto Tana tayari yapo matano yanayofuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Zipo njia za kusaidia: ngazi za mkunga zenye brashi au kamba zinazolowana, na wapo wanaowakusanya wadogo chini ya bwawa na kuwapandisha kwa gari hadi juu. New Zealand hufanya hivyo kila mwaka. Kaunti ya Kilifi ndiyo iliyo mwisho wa mto, kwa hiyo ina kila sababu ya kuiandikia Serikali ya Kitaifa na kuuliza ni njia gani imewekewa samaki wanaohama. Uchafu unaoteremka na Athi kutoka Nairobi unahitaji barua yake, nami nitaiandika.

Mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya uvuvi, Kifungu cha 69 kinataka wananchi washirikishwe katika kulinda mazingira, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inaruhusu mpango wa usimamizi kuandikwa kwa ajili ya uvuvi maalumu. Mpango wa mkunga wa Sabaki unaweza kuwa kurasa chache tu, mradi uwe umeandikwa kwa Kiswahili na usomwe kwenye bandari za wavuvi kabla ya kutiwa saini.

Tunaomba kikao. Kifanyike Mambrui au Sabaki, wavuvi wa juu ya mto kutoka Jilore na Lango Baya waitwe pia, na mama karanga wasiachwe nje. Kifanyike kabla ya masika, kwa sababu mvua zikianza vifaranga wataingia, na tungependa watukute tumeshakubaliana. Majibu yako yakiletwa kwa maandishi kwenye ofisi ya BMU, yatabandikwa ukutani kila mtu ayasome.

Wako kwa heshima,
Mwanachama wa BMU, Mambrui