Kaka wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, asante

Karakana iliyokuwa ikinichongea shafti na kunitafutia beringi za mashine ya kusaga ilifungwa. Beringi ikafa huku kinamama wakisubiri na ndoo zao za mahindi. Nilizunguka Gerezani tangu asubuhi, patupu. Kaka mmoja aliyekuwa akichomelea geti akaacha kazi yake. Aliipangusa beringi kwa tambara lenye mafuta ya taa mpaka namba 6308 ikasomeka, akapima kuhakikisha: tundu milimita 40, nje 90, unene 23. Akanisindikiza kwa miguu hadi duka la tatu, akaizungusha mpya karibu na sikio asikie kama inakwaruza, kabla sijalipa. Hela ya soda alikataa. Mnaojua maduka, mwelekezeni mwenzenu hivyo. Kaka, jina sikukuuliza. Mashine inasaga tangu jana jioni.